Mikutano Isiyo na Yatokanayo



Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume mbili, na zote mbili zilitumwa kwenda kuwasikiliza wananchi. Moja iliongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikauliza kama nchi ibaki na chama kimoja au ifungue milango kwa vyama vingi. Nyingine iliongozwa na Profesa Issa Shivji, nayo ilihusu ardhi. Watu wa rika langu wanaikumbuka zaidi ile ya kwanza, kwa kuwa matunda yake tunayaonja kila uchaguzi. Ya pili wanaikumbuka wanasheria, na wale waliowahi kugombana na mwekezaji.

Tume ya Nyalali ilipokusanya hesabu zake, karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia 20 hivi walitaka vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na Julai 1992 mfumo ukaanza. Hadi leo wapo wanaolitaja jambo hilo kama ushahidi kwamba maoni ya wananchi ni geresha: watu wamesema hivi, wakubwa wakafanya vile. Mimi naliona kinyume kabisa. Tume ilieleza kwa maandishi kwa nini haikufuata wingi wa sauti. Ilisema asilimia 20 si watu wa kubezwa, na ikaonyesha kwamba wengi miongoni mwa wale waliotaka chama kimoja walidai kirekebishwe, kiasi kwamba kisingebaki kilivyokuwa. Ikaenda mbele zaidi, ikaorodhesha sheria 40 kandamizi zinazopaswa kufutwa au kurekebishwa. Unaweza kuzipinga hoja hizo. Mimi mwenyewe nina mashaka na mbili tatu. Lakini zipo, zimeandikwa, na anayetaka kubishana nazo anajua pa kushika.

Sasa tazameni ya pili. Tume ya Shivji ilifanya mikutano 277, katika vijiji 145 na maeneo 132 ya mijini, ikahudhuriwa na watu wapatao 83,000. Watu walizungumzia kuhamishiwa vijiji vipya wakati wa Operesheni Vijiji, mashamba yaliyochukuliwa, mipaka iliyochorwa ofisini. Pendekezo lake kubwa lilikuwa kwamba mamlaka ya mwisho juu ya ardhi yaondoke mikononi mwa Rais na watendaji walio chini yake. Ardhi ya kijiji iwe chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji wenyewe, na ardhi iliyobaki isimamiwe na bodi inayowajibika kwa Bunge. Sera ya Taifa ya Ardhi ikatoka mwaka 1995 ikisema ardhi yote ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini, kama ilivyokuwa. Rasimu ya sheria aliandika Profesa Patrick McAuslan, Mwingereza. Asasi za kiraia zikapiga kelele, zikatoa tamko lao, Azimio la Uhai, mwaka 1997. Mwaka 1999 Bunge likapitisha Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, na msingi wa sera ukabaki palepale.

Serikali ilikuwa na haki ya kulikataa pendekezo lile. Nasema hivyo bila kinyongo, ingawa ningekuwa na kura ningempa Profesa Shivji. Serikali ina wajibu ambao tume haina, na huenda ilikuwa na sababu nzito. Baadhi ya sababu hizo zilisikika kwenye warsha na semina za mjini. Kitu ambacho hakikutokea ni safari ya pili. Hakuna aliyerudi kwenye vijiji 145 akasimama mbele ya watu walewale na kusema: mlituambia hivi, tumekataa, na sababu zetu ni hizi.

Hapo ndipo ulipo mhadhara wangu wote. Tunapobishana juu ya mijadala ya umma katika sera na sheria, tunahesabu vichwa: wamehudhuria wangapi, mikoa mingapi, wanawake asilimia ngapi. Tunauliza kama watu walisikilizwa. Mimi nauliza kama walijibiwa.

Haki ya kushiriki si hisani. Ibara ya 21(2) ya Katiba yetu inampa kila raia haki na uhuru wa kushiriki kikamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au taifa. Ibara hiyo imo kwenye sehemu ya haki za binadamu zenye kudaiwa mahakamani; haimo kwenye ile sehemu ya malengo ambayo mahakama haina uwezo wa kuitekeleza. Kwa hiyo siombi jambo jipya. Nauliza tu huko kushiriki kikamilifu kunaishia wapi: mtu anapokabidhi kipaza sauti, au anapopata jibu?

Niwapeleke kwenye mkutano wa taftishi, kwa wale ambao hawajawahi kuuhudhuria. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, huuitisha kabla ya kubadili bei ya umeme au maji, na mamlaka nyingine za udhibiti hufanya vivyo hivyo. Ukumbi ni wa manispaa au wa chuo. Mlangoni kuna karatasi ya mahudhurio na chupa za maji. Mstari wa mbele wamekaa wakuu wa idara, wa pili waandishi, na huko nyuma karibu na dirisha wamekaa mama wa mashine ya kusaga, fundi wa kuchomelea, mwalimu mstaafu. Mwombaji wa bei mpya anaonyesha picha za ukutani kwa muda mrefu: gharama za mitambo, madeni, upotevu wa umeme njiani. Kisha linasimama Baraza la Ushauri la Watumiaji, ambalo kisheria linawasemea walaji, nalo linasoma waraka wake. Saa inakwenda. Inapofika zamu ya umma, kila mtu ana dakika tatu.

Mama wa mashine anasimama. Hazungumzii fomula. Anasema umeme ukikatika mahindi yamo kwenye mashine, anaanza upya, na uniti zimekwenda. Mnapandisha bei ya uniti nzuri, je, uniti mbovu analipa nani? Watu wanapiga makofi. Mwenyekiti anasema "tumelichukua hilo." Sijui kama kuna maneno mengine katika lugha yetu ya kiofisi yaliyochukua mambo mengi kiasi hicho bila kuyafikisha popote.

Swali la yule mama ni la kiufundi hasa: ni swali la ubora wa huduma kama sharti la bei. Mtaalamu akiliandika kwenye waraka wa kurasa 40 litaitwa hoja. Yeye akilisema kwa dakika tatu linaitwa malalamiko. Kazi ya mdhibiti ni kulitambua kwa sura zote mbili.

Nisiwaonee EWURA, kwa sababu katika hili wao wako mbele ya wengi. Maagizo yao ya bei hueleza mwombaji ametaka nini, wadau wamesema nini, na Mamlaka imeamua nini. Aprili 2016 ndipo wateja wadogo wa umeme walipoondolewa ile ada ya huduma ya shilingi 5,520 kwa mwezi iliyokuwa ikilalamikiwa miaka yote. Mwaka huohuo TANESCO, shirika la umeme, iliomba kupandisha bei kwa asilimia 18.19, EWURA ikaipa asilimia 8.53, kuanzia Januari 1, 2017. Kabla bei haijaanza kutumika, waziri wa nishati akaisitisha, na siku ya mwaka mpya Rais John Magufuli akatengua uteuzi wa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO.

Wengi tulishangilia. Nani hapendi umeme usiopanda bei? Lakini tuitazame hatua ile kama watu wa sheria na sera. Mikutano ya taftishi, hesabu za shirika, waraka wa baraza la walaji, uamuzi wenye sababu zilizoandikwa, vyote viliondolewa na kauli. Kauli ile inawezekana ilikuwa na hekima yake, kwamba nchi inayotaka viwanda haiwezi kupandisha umeme. Basi hoja hiyo ilipaswa kuwasilishwa kwenye taftishi, ijibiwe na wahasibu mbele ya watu. Ilipokuja baada ya uamuzi, iliwafundisha wadau wote somo moja: usipoteze muda ukumbini, tafuta namba ya simu ya mkubwa. Na wenye namba hizo tunawajua. Mama wa mashine hayumo.

Kuhusu kanuni nitasema kidogo, ingawa ndizo zinazotubana zaidi kuliko sheria zenyewe. Sheria hupita bungeni mchana kweupe; kanuni husainiwa na waziri na kutokea kwenye Gazeti la Serikali. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ni ya mwaka 2010. Wajibu wa mwenye blogu kukata leseni kwa ada na tozo zilizofika zaidi ya shilingi milioni 2 ulikuja mwaka 2018, kwa kanuni. Kijana aliyekuwa akiandika habari za mpira au mapishi kutoka chumbani kwake hakuguswa na mbunge yeyote. Aliguswa na tangazo.

Tuje bungeni. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama, na hilo ni jambo kubwa; nisingependa mtu alidogoshe. Ila chukua muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali, hata ukiwa kwa Kiswahili safi, umsomee mtu mwenye akili zake timamu: Sheria Kuu inarekebishwa katika kifungu fulani, kwa kufuta maneno fulani yaliyo katika kifungu kidogo fulani na badala yake kuweka maneno mengine. Ukurasa baada ya ukurasa. Bila Sheria Kuu mkononi, kila neno unalielewa na habari yote huielewi. Unaambiwa kamati inapokea maoni Dodoma kesho kutwa. Ukiwa Kigoma utatoa maoni gani, na juu ya nini? Muswada ukija kwa hati ya dharura, kama miswada ya rasilimali za nchi ilivyokuja mwaka 2017, hata hiyo kesho kutwa huenda usiipate.

Hata hivyo, mwishoni mwa kila muswada kuna ukurasa ambao wengi hawafiki. Unaitwa Madhumuni na Sababu. Hapo Serikali inaeleza kifungu hiki kinatungwa ili iweje, na kile kinafutwa kwa nini. Kwa hiyo ufundi wa kuandika sababu tunao. Kila muswada unazaliwa nazo. Muswada ukishapita kwenye kamati, wadau wakishasema, jedwali la marekebisho likishagawiwa, hakuna ukurasa wa namna hiyo mwishoni. Taarifa ya kamati itawataja waliofika, itasema maoni yao "yamezingatiwa kwa kiasi kikubwa," na kitabu kimefungwa.

Hili linanishangaza kwa sababu sisi ni watu wa vikao. Nani hapa hajawahi kuwa katibu? Kamati ya harusi, kikundi cha kuweka na kukopa, jumuiya ya msikitini, kigango, chama cha wazazi: ajenda ya kwanza kufungua kikao, ya pili kusoma muhtasari wa kikao kilichopita, ya tatu yatokanayo. Mwenyekiti wa kikundi akijaribu kuruka yatokanayo, akina mama watamkalisha chini. Mwezi uliopita tulisema mchango wa fulani uulizwe, umeulizwa? Kijijini vilevile: sheria inaitaka halmashauri ya kijiji iitishe Mkutano Mkuu upokee maoni kabla ya kupeleka sheria ndogo wilayani, na mkutano unaofuata watu watauliza ile ya mifugo kuingia mashambani imefikia wapi, na nani ameibadilisha faini. Vikundi vya watu 30 vinafanya hivyo kwa daftari la mistari. Mikutano ya taifa, yenye wapambe na wataalamu, ndiyo isiyo na yatokanayo.

Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi kwa njia ya mahakama, na safari yao inafundisha kwa pande zote mbili. Katiba yao ya 2010 inataja ushiriki wa umma kama moja ya maadili ya taifa, kisha inalibebesha jukumu hilo Bunge na mabunge ya kaunti. Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo, akasema kaunti itumie kila jukwaa lililopo: makanisa, misikiti, mahekalu, baraza, redio za lugha za watu. Tangazo dogo gazetini halitoshi.

Halafu ikaja kesi ambayo watetezi wa ushiriki wa umma hawapendi kuitaja. Kampuni ya sigara ya British American Tobacco ilikwenda mahakamani kupinga kanuni za mwaka 2014 za kudhibiti tumbaku, ambazo pamoja na mengine ziliitoza sekta hiyo mchango wa asilimia 2. Hoja mojawapo ya kampuni: hatukushirikishwa vya kutosha. Ilishindwa Mahakama Kuu, ikashindwa Mahakama ya Rufani, na Novemba 2019 ikashindwa Mahakama ya Juu kabisa, ambayo ilitumia nafasi hiyo kuweka miongozo mizuri: umma uelimishwe kwanza, upewe muda wa kutosha, jambo lielezwe wazi, na zoezi lisiwe la kutimiza utaratibu tu. Miongozo ni mizuri, lakini hesabuni miaka iliyopita. Haki iliyotungwa kwa ajili ya mama wa mashine ilishikwa na kampuni yenye mawakili. Nalisema hili kwa sababu tukidai mikutano mingi zaidi bila kudai chochote kingine, tunaongeza viti ambavyo wenye nguvu watavikalia.

Mwaka 2024 mambo yakachacha. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipitia vikao vya kamati kama kawaida, na kodi ya mkate pamoja na ile ya magari zikaondolewa baada ya kelele. Vijana walikwisha kuusoma wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za makwao na kuusambaza kwenye simu. Juni 25 waandamanaji wakaingia bungeni, watu wakapoteza maisha, na siku iliyofuata Rais William Ruto akakataa kuusaini. Julai 31, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya mwaka uliotangulia, Mahakama ya Rufani ikaifuta sheria nzima. Moja ya sababu ikawa kwamba Bunge halikueleza kwa nini limekubali maoni haya na kukataa yale. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Ikasema Katiba hailitaki Bunge waziwazi kutoa sababu hizo kwa maandishi.

Kwa heshima zote kwa majaji wale, nadhani Mahakama ya Rufani ndiyo iliyogusa kidonda. Ukisoma Katiba neno kwa neno, Mahakama ya Juu iko sahihi. Sentensi hiyo haimo. Lakini miongozo yake yenyewe ya 2019 inakataa ushiriki wa kutimiza utaratibu, na bila sababu zilizoandikwa utajuaje kama utaratibu ulitimizwa tu au watu walisikilizwa? Utapima kwa kipimo gani?

Najua atakayesimama kuniambia: Profesa, barua 10,000 utazijibu lini, nchi itasimama. Barua 10,000 hazina hoja 10,000. Zina hoja 15, labda 20, na aliyewahi kusahihisha mitihani ya darasa kubwa anajua. Marekani wana sheria ya mwaka 1946 inayotaka wakala wa serikali kuu anapotunga kanuni atangaze rasimu, apokee maoni, kisha atoe maelezo ya msingi na madhumuni ya uamuzi wake. Mahakama zao zikaongeza kwamba hoja nzito zijibiwe. Utaratibu huo una maradhi yake, yakiwemo ya makampuni kumwaga maoni kwa malori. Nchi haijasimama kwa sababu hiyo.

Ninachopendekeza ni kidogo mno, naona aibu kukiita mageuzi. Kila muswada unaozaliwa na Madhumuni na Sababu umalizike kwa kurasa chache za namna hiyohiyo: hoja kuu zilizotolewa, nani kwa ujumla wake alizitoa, ipi imeingia kifungu gani, ipi imekataliwa na kwa nini. Kanuni za mawaziri zifanye hivyohivyo kabla ya kwenda kwenye Gazeti. Kurasa hizo ziandikwe kwa Kiswahili cha mtu kuongea, zisomwe kwenye redio za mikoa, zibandikwe kwenye ofisi za kata mahali panapobandikwa majina ya wapiga kura. Mamlaka za udhibiti zianze, kwa kuwa tayari zinaandika maagizo. Na waziri anayetaka kutengua agizo la mdhibiti naye aandike zake, zichapwe sehemu ileile.

Linabaki suala la nini kifanyike sababu zisipotolewa, na hapa Kenya imenifanya nipunguze ukali. Kufuta sheria nzima ya fedha mwaka mzima baada ya kodi kukusanywa na kutumika ni kuichoma nyumba kwa ajili ya panya, na majaji wanaoogopa moto huo wataishia kusema hakuna panya. Mahakama ipewe uwezo mdogo utakaotumika kweli: kukirudisha kifungu husika kwa waliokitunga, kuwapa siku 60 waandike sababu zao kwa umma, na kwa muda huo kusimamisha adhabu tu, si kifungu chenyewe. Siku zikipita bila maandishi, kifungu kinakufa peke yake.